Binti hali, na harusi inakaribia: maswali yenu kuhusu maradhi ya kula

Tulipoomba maswali kuhusu maradhi ya kula, barua nyingi zilitoka kwenye familia za Kihindi za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Mwanza na Leicester: Wagujarati, Wakutchi, Khoja (Waislamu wa Kishia), Majaini (wafuasi wa dini ya Kijaini). Wamo pia wanaofanya kazi majumbani mwao. Wanaojibu ni daktari wa magonjwa ya akili na mtaalamu wa lishe. Majina ya waandishi yameondolewa.

Binti yangu ana miaka 16, urefu sentimita 158. Alikuwa na kilo 52, sasa ana 41, ndani ya miezi mitano. Hedhi imesimama. Daktari wetu amempa dawa za vidonda vya tumbo mara mbili. Yeye mwenyewe anasema haogopi kunenepa, ila akila vijiko vitatu tu tumbo linajaa. Wifi yangu aliye Uingereza anasema ni anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Itakuwaje anoreksia ilhali hatamani wembamba? — Mama, Upanga, Dar es Salaam

Inawezekana kabisa, mama. Anoreksia imezoeleka kutambuliwa kwa hofu ya unene, lakini hofu hiyo si lazima isemwe. Mwaka 1993 Sing Lee na wenzake wa Hong Kong walichapisha taarifa za wagonjwa 70 wa Kichina, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na hofu ya kunenepa. Walichokitaja ni tumbo kujaa, au kukosa hamu. Madaktari wa India nao wameeleza wagonjwa wa namna hiyo. Katika nyumba ambamo kulalamikia sura ni utoto, lakini kulalamikia tumbo kunaleta ajwain (mbegu za kutuliza tumbo), maji ya moto na huruma ya bibi, mtoto hulalamikia tumbo.

Wala hasemi uongo. Tumbo lililokaa na njaa huchelewa kujimwaga, chakula cha saa sita bado kimo saa kumi. Kujaa huko kumeletwa na njaa, na ndiko kunakoiendeleza njaa. Dawa za vidonda haziligusi tatizo hili. Linaondoka kwa kula kidogokidogo, kwa saa maalumu, kwa wiki kadhaa, hata pale anaposema ameshiba.

Sasa tazama hesabu yake, kwa sababu ndiyo inayotutia wasiwasi. Kupoteza kilo 11 kati ya 52 ni asilimia 21. BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 16.4, na kwa umri wake haitoshi kuisoma namba hiyo peke yake, lazima ilinganishwe na chati ya ukuaji. Mpeleke kwa daktari mwingine wiki hii, na uombe mambo haya kwa kuyataja: mapigo ya moyo na presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, joto la mwili, kipimo cha umeme wa moyo, na damu kwa ajili ya potasiamu, fosfati, magnesiamu, sodiamu, sukari, wekundu wa damu na tezi ya shingo. Kwa mazingira yetu tunaongeza kifua kikuu, VVU na mimba, bila kumuonea haya mtu. Damu ikitoka safi usirudi nyumbani umetulia. Mwili huficha upungufu hadi dakika za mwisho, na wagonjwa wengi walio hatarini wana majibu mazuri kwenye karatasi.

Usisubiri miadi, nenda hospitali leo, iwapo mapigo ya moyo akiwa macho yako chini ya 40 kwa dakika, joto liko chini ya 35.5, anazimia, kifua kinamuuma, au ameacha hata maji. Kuna jaribio moja la nyumbani: mwambie achuchumae kisha asimame bila kushika kitu. Akishindwa bila kujisukuma kwa mikono, misuli imeanza kuliwa na mwili wenyewe.

Na hili tunaliomba kwa msisitizo. Zahanati nyingi zikiona mtoto dhaifu hutundika dripu ya glukosi. Kwa huyu, dripu hiyo inaweza kuua. Mwili uliozoea njaa huendeshwa kwa mafuta. Wanga ukiingia kwa kishindo, insulini inapanda na kuivuta fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Moyo na misuli ya kupumua hubaki bila madini. Anayepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito ndani ya miezi mitatu hadi sita yumo kwenye kundi la hatari kubwa, na binti yako amevuka. Ndiyo maana siku kumi za mwanzo za kumrudisha kwenye chakula zisimamiwe na daktari: vitamini B1 kwanza kabla ya sukari yoyote, damu ipimwe mara kwa mara, chakula kiongezwe kwa hatua. Kosa la upande wa pili lipo pia, la hospitali kuogopa hadi kumpa uji mwepesi wiki mbili. Uliza kila siku: leo ameongezewa nini?

Sisi ni Majaini. Hatuli nyama, samaki, mayai wala vya ardhini, na wazazi wangu hawali jua likishazama. Binti yetu wa miaka 15 ametoka hospitali wiki iliyopita, vipimo vimetulia, tumeambiwa tumlishe wenyewe. Tuko tisa nyumbani na kila mtu ana lake mezani. Tuanzie wapi? — Baba, Parklands, Nairobi

Anzeni kwa kumchagua mpakuaji. Mtu mmoja, au wawili wanaopokezana kwa ratiba, ndiye anayeamua kinachoingia kwenye sahani na kiasi chake. Siyo mgonjwa, siyo shangazi, siyo bibi. Hii ndiyo njia iliyoanza kutengenezwa katika hospitali ya Maudsley, London, na kwa vijana wanaoishi na wazazi wao ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Wazazi hushika chakula kwanza. Mtoto hurudishiwa uamuzi polepole uzito ukishapanda. Mwisho kabisa ndipo mambo ya ujana na masomo yanapozungumzwa. Mwongozo wa Uingereza unataja vikao 18 hadi 20 kwa mwaka mmoja, hivyo msitegemee kumaliza kabla ya muhula kwisha.

Familia kubwa ni mali kwenye kazi hii, mradi ipangwe. Mnapokosea ni hapa: mama anasema malizia chapati ya tatu, bibi anamwonea huruma na kunong'ona "basi, mwachie". Ugonjwa unahitaji mtu mmoja tu wa kuutetea, na siku hiyo umempata. Kaeni wakubwa wote bila watoto, mkubaliane sentensi moja itakayosemwa na kila mtu: "Mama ameshapakua, kula." Bibi apewe jukumu lake la kweli, mathalani kukaa naye saa nzima baada ya mlo, kusuka nywele, kucheza karata, kutazama tamthilia. Saa hiyo ndiyo mtoto anapotamani kwenda kutapika au kuruka kamba chumbani, na hakuna anayejua kushika mtu kwa maneno kama bibi.

Jambo jingine linaonekana dogo: mama wa nyumba anayekula mwisho, amesimama jikoni, baada ya wote kushiba. Kwa miezi hii akae. Mtoto anayeambiwa chakula ni dawa hawezi kuamini akimwona mama yake anakula makombo ya sufuria.

Kiasi. Kijana anayerudisha uzito kwa kawaida huhitaji kalori 2,500 hadi 3,000 kwa siku, wengine zaidi, ili apande nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa jua la Nairobi, linalozama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, milo sita inaingia bila kuvunja desturi ya wazee:

Saa 12 na nusu asubuhi, glasi ya maziwa mazima ya mililita 250 yenye unga wa lozi, thepla (chapati za majani ya uwatu) mbili na mtindi. Saa 3, ndizi mbili na konzi ya korosho, gramu 30. Saa 5 na nusu, chapati tatu, kila moja na kijiko cha chai cha samli, bakuli la dal, mchuzi wa ndizi mbichi badala ya viazi, wali kikombe kimoja. Saa 8, lasi ya mtindi mzito yenye sukari, na vipande vinne vya dhokla (keki ya dengu ya mvuke). Saa 10, chai ya maziwa matupu na bakuli dogo la chevda. Saa 12 kasoro robo jioni, khichdi ya choroko yenye vijiko viwili vya chakula vya samli, paneer (jibini laini) gramu 100, na kipande cha mithai.

Shuleni atakula saa 5 na nusu na nani? Hilo lipangwe kabla hajarudi, na mwalimu mmoja ajue.

Kijiko cha chakula cha samli kina kalori kama 120, na hakiongezi ukubwa wa sahani. Kwa tumbo linalojaa haraka, hiyo ni faida kubwa. Lakini samli isifichwe. Mtoto akigundua kwamba khichdi imetiwa vitu kwa siri, ataacha kula chochote ambacho hakukipika mwenyewe. Mwambieni: samli imo, na itaendelea kuwemo.

Mlo upewe dakika 30, kitafunwa dakika 15. Usibishane naye kuhusu kalori, hutashinda, anazijua kuliko wewe. Sema machache, rudia yaleyale: "Najua inatisha. Chukua tonge jingine." Asipomaliza, apewe kinywaji chenye nguvu ile ile, sio adhabu. Apimwe uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja ndogo, akiwa na nguo nyepesi. Wengine hunywa lita moja ya maji kabla, au huficha sarafu kwenye nguo.

Kuhusu kutokula nyama: msibadili dini ya nyumba kwa ajili ya tiba. Swali ni lini kila katazo lilianza. La familia, lililokuwepo kabla hajaugua, libaki. Lililoanza mwaka jana, kama kuacha maziwa, samli au sukari kwa madai ya kujitakasa, ni la ugonjwa, na linaondoka. Mwombeni daktari apime vitamini B12 na chuma, kwa wasiokula nyama hupungua mara nyingi.

Ninafanya kazi za ndani kwa familia ya Kihindi. Binti yao wa miaka 19 anafunga chapati kwenye tishu na kuzitupa, mimi ndiye ninayemwaga taka. Akila vizuri anakimbilia bafuni, anafungua maji kwa nguvu. Juzi nimekuta chini ya godoro pakiti za sanamaki na isabgol. Nikisema naogopa nitafukuzwa. Nikinyamaza naogopa zaidi. — Dada, Nyali, Mombasa

Dada, umeona ambacho wazazi wake hawajakiona. Sema, lakini chagua wa kumwambia na namna. Mwambie mama mwenye nyumba mkiwa wawili, si mbele ya wageni wala wanaume wa nyumba. Eleza ulichokiona, usitaje ugonjwa: "Mama, naomba nikuambie jambo kwa sababu nampenda mtoto. Tangu mwezi uliopita nakuta chapati kwenye taka. Akimaliza kula anaenda bafuni, nikiingia kusafisha nakuta harufu ya matapishi." Basi, ishie hapo. Ukimtaja ni mgonjwa, mtabishana kuhusu neno hilo badala ya chapati. Kama kuna dada mkubwa aliyeolewa au shangazi mwenye busara, yeye anaweza kuwa mlango mzuri zaidi.

Usimkabili binti mwenyewe kwa pakiti mkononi. Akihisi anachunguzwa, ataficha mahali usipopajua.

Akikuuliza kuhusu sanamaki, au wazazi wakikuuliza, ukweli ni huu. Dawa za kuharisha hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka asubuhi, inapanda akinywa maji. Kinachobaki chini ni potasiamu, na ikipungua sana moyo hupoteza mpigo wake. Isabgol ni maganda ya mbegu na ni salama kwa anayekula na kunywa vizuri. Lakini inayeyuka kuwa ute, na kwa mtu asiyekunywa maji inaweza kuziba utumbo. Akiacha sanamaki, atavimba miguu na uso kwa wiki moja au mbili. Hapo ndipo wengi hurudia, wakidhani wamenenepa. Ni maji, yatatoka.

Na meno: akitapika asipige mswaki palepale. Asidi imelegeza gamba la jino, mswaki unalikwangua. Asukutue kwa maji yenye kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwenye glasi, kisha asubiri saa nzima. Kumwambia hivyo si kumruhusu kutapika. Ni kuokoa meno hadi tiba ifike.

Wazazi wetu ni Khoja waliotoka Dar. Dada yangu, miaka 22, yuko nusu ya njia ya kupona. Ramadhani inakuja na anasema lazima afunge, asipofunga watu wa imambara (ukumbi wetu wa ibada) watajua. Rafiki yake Mhindu naye hufunga Navratri kila mwaka na wanatiana moyo. Tunamzuiaje bila kumvunjia imani? — Kaka, Leicester

Dini imeshajibu kabla yetu. Sura ya pili ya Kurani, aya ya 184 na 185, inamwondolea mgonjwa saumu. Katika fikihi ya Kijaafari mnayoifuata, mgonjwa ambaye ugonjwa wake unaendelea hadi Ramadhani inayofuata hadaiwi kulipa siku zile, hutoa fidia ya takriban gramu 750 za chakula kwa kila siku. Mpelekeni kwa sheikh, lakini mtangulieni nyinyi, mkiwa na barua ya daktari. Maalim asiyejua ugonjwa huu anaweza kumwona binti aliyevaa vizuri, anayetembea, akamwambia "jaribu". Barua iseme wazi kwamba saa 16 au 18 bila chakula wala maji kwa mtu huyu ni hatari kwa moyo. Ramadhani ikiangukia kiangazi, Leicester hufikia saa hizo.

Kigumu zaidi ni mchana wenyewe. Asiyefunga kwa kawaida hula kwa kujificha, na kula kwa kujificha ndiyo tabia mnayopambana nayo. Mtu mmoja akae naye mezani saa saba mchana, hata kama mwenyewe amefunga. Ajue pia cha kujibu akiulizwa: "Daktari amenizuia mwaka huu." Sentensi hiyo haina mlango wa kuingilia. Futari nayo ni mtego kwa mwenye bulimia, ugonjwa wa kula bila breki kisha kujitapisha. Meza ya sambusa, bajia na sharubati baada ya siku nzima ya njaa humwita kula kupita kiasi, kisha kutapika kabla ya sala ya usiku. Akiwa ameshakula mchana, meza ile haina nguvu hiyo. Akitaka ibada apewe: sadaka, kusoma. Lakini kupika kwa ajili ya majirani, hapana. Tunasema hapana kwa makusudi. Wagonjwa wengi wa anoreksia hupenda kupikia wengine huku wenyewe hawaonji, na sifa za watu huwapa kisingizio.

Kuhusu Navratri, usiku tisa. Wagujarati wana vyakula kamili vya mfungo, sabudana, unga wa rajgira, viazi, maziwa, karanga, na anayekula hivyo kwa kushiba hapati shida. Shida ni anayepunguza hadi matunda mawili na chai. Kipimo chetu kwa mfungo wowote, wa Ekadashi, wa Jumatatu, wa siku nane za Paryushan kwa Majaini, ni swali hili: mfungo ulipokwisha, alirudi kula? Siku ya kumi watu wanakula jalebi na fafda. Yeye kama bado anasema "naendelea kidogo", ugonjwa umevaa nguo ya dini. Ushauri wetu ni kwamba asifunge chochote hadi uzito urudi na akae mwaka mmoja bila kutetereka. Hao marafiki wawili wanaotiana moyo, wapeni kitu kingine cha kufanya pamoja.

Nina miaka 25, harusi ni Desemba. Wakwe wamesema nipungue kilo nane ili lehenga, sketi yangu ya harusi, ikae. Mchana sili kitu, usiku jikoni nakula chapati sita, mithai yote, halafu najitapisha. Sijakonda hata kidogo kwa hiyo sidhani ni ugonjwa. Daktari naye amesema BMI yangu ya 25 ni kubwa kwa Mhindi. — Bi harusi, Mwanza

Ni bulimia, na wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida au zaidi. Usisubiri kukonda ndipo ustahili tiba.

Ulichokieleza kina mpangilio unaojirudia: njaa ya mchana, kula bila breki usiku, kutapika, aibu, njaa ya kesho kama adhabu. Watu hudhani pa kukatia ni usiku, kwa kujizuia. Pa kukatia ni asubuhi. Kifungua kinywa ndani ya saa moja baada ya kuamka, kisha usikae zaidi ya saa tatu hadi nne bila kula, milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu. Fanya hivyo hata kama usiku uliopita ulikula chapati sita. Hasa ukiwa umekula chapati sita. Wiki ya kwanza utahisi unafanya kinyume cha akili, na wengi huona usiku unaanza kutulia wiki ya pili au ya tatu. Andika kwa saa: ulikula nini, wapi, ulijisikiaje, ulitapika au la. Usiandike kalori. Baada ya siku kumi na nne utaona saa zako za hatari zilivyojipanga, na mara nyingi ni baada ya simu fulani.

Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia kwa bulimia ni takriban vikao 20. Mwanza si rahisi kumpata aliyesomea hasa, lakini mwanasaikolojia yeyote makini anaweza kufuata mwongozo wake, na vikao vya kwa video vinafaa. Ipo dawa, fluoxetine, kwa dozi ya miligramu 60, tofauti na 20 ya sonona. Inapunguza vipindi vya kula bila breki na kutapika, haitibu peke yake, na aiandike daktari. Pima potasiamu wiki hii. Ukitapika baada ya kumeza vidonge vya uzazi wa mpango, usivitegemee.

Daktari wako hakukosea, lakini amekuambia kwa wakati mbaya. Ni kweli kwamba watu wa asili ya Asia Kusini hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, ndiyo maana kwao tahadhari huanzia BMI 23, na hatari kubwa 27.5. Hata hivyo kujinyima kwa mtu mwenye bulimia huleta kula zaidi. Mwombe apime sukari ya wastani wa miezi mitatu, presha na mafuta, na achunguze vifuko kwenye ovari kama hedhi haina mpangilio. Kisha mkubaliane: kwanza kutapika kukome kwa miezi kadhaa, ndipo uzito uzungumzwe, kama bado kuna cha kuzungumza.

Lehenga irudi kwa fundi. Ipanuliwe sentimita nne kila upande kwenye mshono, hiyo ni kazi ya siku moja. Mwambie mchumba wako, yeye tu, kabla ya Desemba, kwa sababu mtakula meza moja na kutumia bafu moja. Wakwe hawahitaji maelezo. Mama yako akiulizwa kuhusu kilo nane aseme "tumeshapeleka nguo kwa fundi" na aendelee na orodha ya wageni.

Enzi zetu haya hayakuwepo. Si ni ugonjwa wa Wazungu? — Babu, Kisumu

Mwaka 1988 utafiti wa wasichana wa shule huko Bradford, Uingereza, ulikuta bulimia ikiwa zaidi kwa wenye asili ya Asia kuliko wenzao Wazungu. Mwaka 2010 utafiti wa Leicester ukaonyesha kwamba Waasia Kusini walioletwa kwenye kliniki ya maradhi ya kula walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi yao mjini. Yaani ugonjwa upo, mlango wa kliniki ndio haufikiwi. Enzi zenu, babu, waliitwa wenye tumbo baya, au wacha Mungu sana.

Mke wangu amerudisha uzito, hedhi imerudi, mwezi wa nane sasa. Shangazi zangu wakija wanasema "mashallah umenenepa". Usiku huo hali. Je, amepona au hajapona? Na tutajuaje akianza kurudi? — Mume, Old Town, Mombasa

Mwili umepona kabla ya kichwa, ni kawaida. Hofu ya chakula huchukua miezi mingi zaidi baada ya uzito kurudi, na mwaka wa kwanza ndio wenye marejeo mengi. Hedhi kurudi ni habari njema hata kwa mifupa, iliyokuwa ikipoteza madini muda wote ule.

Shangazi waambieni kabla hawajafika, kwa simu, wewe mwenyewe kwa kuwa ni damu yako: "Shangazi, akija mbele yako usimsifie mwili wala sahani. Mwulize kuhusu kazi." Ikitoka bahati mbaya, ingia kati palepale kwa neno jingine, halafu mlo unaofuata uende kwa saa yake. Ukiuruka mlo mmoja kwa huruma, wa pili unakuwa mgumu maradufu.

Kuhusu kurudi nyuma, andikeni karatasi sasa, akiwa na nguvu, kwa maneno yake. Upande mmoja dalili zake za mwanzo, zake, si za kitabuni: kukata chapati vipande vidogo sana, kuhamia kwenye kiti cha mbali, kusema "nilikula ofisini", kutembea baada ya kila mlo, kuvaa sweta kwenye joto la Mombasa. Upande wa pili hatua. Dalili mbili kwa wiki moja, kitafunwa cha saa kumi kinarudi kuliwa mkiwa wawili. Kilo mbili chini ya uzito mliokubaliana na daktari, mnampigia siku hiyo hiyo, hamngojei miadi. Kutapika mara moja, anakuambia kabla ya kulala, na wewe huulizi kwa nini, unauliza kesho asubuhi mle nini. Karatasi hiyo ibandikeni ndani ya mlango wa kabati la nguo, nakala moja kwa daktari, nyingine kwa mtu mmoja wa upande wake.